Pipa la Thelathini na Saba

Budalang'i,
4 Agosti 1997

Afande Ochom,

Habari za huko Malaba na malori yako? Mimi ni mzima wa kusema tu. Barua hii anakuletea Akurut, yule mama anayenunua dagaa wa omena kwetu na kuwauza sokoni kwenu. Ukijibu mpe yeye, maana posta ya huku ni bahati nasibu.

Nina shida moja na dawa yake ni wewe. Wazee wa chama cha askari wastaafu walifika Busia wakatuambia kwamba askari aliyeumizwa na sumu akiwa kazini anaweza kudai malipo ya ulemavu. Nikakumbuka shimo letu la mwaka wa themanini kule kaskazini. Mapipa arobaini ya dawa ya wadudu iliyoharibika, na amri ni kuyatoboa kwa shoka, kumwaga dawa shimoni na kufukia. Siku tisa, mikono mitupu, leso usoni kama wezi wa benki. Wewe ulikuwa koplo wetu, na sisi tulikuwa watano. Wenzangu wanne wote wako kaburini. Tumebaki mimi na wewe.

Siku hizi kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Miguu imekufa ganzi mpaka magotini, na macho yanafifia kila mwezi. Nyavu nimemwachia ndugu yangu Wandera, na shamba analima Teresa peke yake. Daktari wa hospitali ya Nangina ameandika yote, nakala ndiyo hiyo ujisomee.

Fomu inataka shahidi aliyekuwepo. Ni ukurasa wa tatu. Andika mapipa yalikuwa mangapi, mangapi yalitobolewa, na kwamba nilikuwepo, halafu utie sahihi. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Januari. Bila jina lako karatasi hii itafungia maandazi.

Mwandiko usiucheke. Nimeuandika siku mbili.

Wako wa tangu kwata,
Zephaniah Oduori


Malaba,
29 Agosti 1997

Oduori,

Akurut amenifikia, na fomu ninayo. Usione kimya. Miwani yangu ilikanyagwa na utingo mmoja hapa yadi ninayolinda, na ukurasa wa tatu si wa kujaza ukikodoa macho. Unataka utulivu. Hapa malori ya Uganda yamejipanga mpaka nyumba za watu, kila dereva ananiita mimi kana kwamba mpaka niliuchora mwenyewe.

Ile karatasi ya daktari niliazima miwani nikaisoma mara tatu. Anasema ulimi wako unakuwa mzito asubuhi. Je, ganzi ilianzia kwenye nyayo? Mke wangu Alaso, unamkumbuka, naye ilimwanzia kwenye nyayo. Nilipomzika mwaka wa tisini tulisema ni kisukari.

Nikuulize kitu. Lile pipa la kijani nililokuletea Krismasi ile ya mwaka wa themanini, bado lipo? Mnalitumia kwa kazi gani? Nauliza tu.

Msalimie Teresa.

Ochom


Budalang'i,
30 Septemba 1997

Afande,

Nimekuomba sahihi, umeniletea maswali ya pipa! Lipo. Limezeeka vizuri kutushinda sisi. Hakuna arusi wala matanga huku ambako halijaenda, na likirudi Teresa analisugua, analijaza maji ya kunywa na kulifunika. Wanawake wenzake wamemwonea wivu tangu lije.

Habari za pipa tuziache zilipo. Wewe unajua na mimi najua, inatosha.

Fomu, Afande. Siku zinakwenda. Mama yangu Gaudencia ameanza tena maneno yake. Anasema nyumba yangu ina mkosi na mkosi wenyewe ni Teresa. Baada ya binti yetu Vivianne, Teresa alizaa watatu, wawili wakatoka wamekufa, wa tatu akaishi siku kumi na moja, na sasa Mama anasema mkosi umegeukia mume. Anataka nioe mwingine ambaye atanitunza. Akisema hivyo mimi hunyamaza. Nitasema nini?

Kama ni miwani, nitamwambia Akurut akununulie Busia. Usiniache hapa nimekwama na wewe una kalamu mkononi.

Zephaniah Oduori


Kwenye tuta la mto, Budalang'i,
9 Novemba 1997

Afande,

Mwandiko unaouona ni wa Teresa. Mimi nasema na yeye anaandika. Macho yamekwisha, Afande. Wiki mbili sasa naona mwanga wa mlango tu, na siku hizi hata mlango sina. Mvua hii wanayoiita El Nino imevunja kingo za mto Nzoia na maji yamelala ndani ya nyumba zetu. Tunaishi juu ya tuta chini ya maturubai, watu na mbuzi pamoja. Tuliokoa kitanda, sufuria, sanduku la makaratasi, na lile pipa. Wandera alilivuta likielea kama mtumbwi.

Kwa hiyo kuanzia sasa barua zako anafungua Teresa na ananisomea. Andika ukijua hivyo, usiniletee matusi ya kambini.

Fomu, tafadhali. Nakuomba, Afande, na unajua sikuwahi kukuomba hata likizo.

Zephaniah Oduori
(kwa mkono wa Teresa)


Malaba,
10 Novemba 1997

Oduori,

Barua hii isome peke yako kisha uichome. Teresa asiione.

Miwani ilipona zamani. Nimeiweka fomu mezani kila siku tangu Agosti na sijaweza, na leo nakwambia sababu, ingawa nusu yake unaijua. Daftari la kambi lilisema mapipa arobaini yalitobolewa na kufukiwa, na sahihi ni yangu. Tulitoboa thelathini na sita. Shoka lilikuwa mkononi mwako. Nilikuonyesha yale manne yaliyokuwa mazima, yenye vifuniko, nikakwambia yaruke. Ukayaruka, ukacheka, ukasema moja litakuwa la Teresa.

Tuliyachoma ndani kwa majani makavu. Tukayasugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikaisha. Nilinusa mwenyewe. Nani nyumbani alikuwa na pipa la chuma wakati ule? Watu walikuwa wanaweka maji kwenye mitungi inayovuja. Niliona tunawaletea neema.

Mawili niliyauza hapa Malaba. Moja nilimpa Alaso, naye akawa anachachushia ajon ya kuuza. Miaka minane alikuwa wa kwanza kuonja kila pombe, ili ajue kama imeiva. Pipa hilo kutu ililimaliza baada ya kifo chake. Niliposoma karatasi yako ya daktari nilikuwa nasoma ugonjwa wake neno kwa neno. La nne liko kwako.

Sasa nifanyeje? Nikiandika arobaini nimeapa uongo. Nikiandika thelathini na sita wataniuliza manne yalikwenda wapi. Pensheni yangu itakwenda, na dai lako litakwenda nayo, maana mwenye shoka ni wewe. Nimezunguka ndani ya jambo hili nimechoka.

Mwaga hayo maji, Oduori. Na wale watoto wako watatu. Siwezi kuandika zaidi.

Ochom


Kwenye tuta,
3 Desemba 1997

Shemeji Ochom,

Ulisema Teresa asiione. Teresa ndiye aliyeifungua.

Mwenzako alikuwa ameketi karibu nami, anauliza, "Afande anasemaje?" Nikamwambia umeandika kwamba miwani bado. Akakutukana kidogo, akaomba uji. Nikampa uji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili ulipolileta pipa lile. Niliimba, unakumbuka? Nililizunguka na vigelegele. Watoto wangu nilikuwa nawaogesha kwa maji yake. Yule wa siku kumi na moja nilimwogesha asubuhi na jioni, na midomo yake nikailowesha kwa maji hayo hayo kwa pamba, maana alikuwa hanyonyi na nilitaka aishi. Walizikwa nyuma ya migomba bila kilio, kwa sababu mama mkwe alisema ukililia mkosi unauita tena. Nimekunywa dawa za mizizi za waganga wanne. Nimetapishwa. Nimeulizwa mbele ya wazee kama nililala na mwanamume kule kwetu. Na huyu mume alikuwa ameketi hapo anatazama chini. Nilidhani ni huzuni! Kumbe alikuwa anajua pipa lilikotoka.

Sasa nisikilize nilivyofungwa. Kipindupindu kimeingia kwenye tuta, na maji yote yanayotuzunguka ni ya mafuriko na vyoo. Watu wanakuja kwangu na vikombe kwa sababu pipa langu lina kifuniko. Nikiwaambia ukweli, kesho utakuwa Port Victoria, keshokutwa utakuwa ofisini Nairobi, na mume wangu hatapata kitu. Nikinyamaza wanakunywa. Nimelimwaga na kusema limetoboka kwa kutu. Nakinga mvua kwenye masufuria. Mama mkwe anasema hata pipa limechoka kukaa na mimi.

Nimekaa siku kumi kabla ya kuandika neno linalofuata. Andika arobaini. Siwezi kumlimia, kumpikia na kumbeba mpaka chooni bila msaada wowote, na msaada mwingine sina. Mpe Akurut fomu hiyo wiki hii.

Usifikiri nimekusamehe.

Teresa


Malaba,
18 Desemba 1997

Shemeji Teresa,

Akurut anaibeba fomu, ameifunga kwa nailoni isilowe. Nimeandika arobaini. Kalamu iligoma mara mbili nikaitia tena wino.

Sina la kujitetea. Nilifikiri nitakuja mwenyewe nipige magoti, lakini nikija utanieleza vipi kwa mama mkwe? Kwa hiyo hata kuja siwezi. Alaso alipokuwa mgonjwa nilimkaripia kwamba anaanguka kwa ulevi. Namwomba radhi kila asubuhi na hanijibu.

Ochom


Budalang'i,
20 Februari 1998

Afande,

Tumerudi nyumbani, tope ni mpaka dirishani lakini ukuta umesimama. Fomu ilifika Nairobi tarehe 27 Januari, wametuma karatasi ya kuipokea. Sasa tunangoja. Afande, wewe ni mtu. Malipo yakitoka nitakununulia mbuzi, na nitamwambia Mama aachane na habari za kunioza, kwa sababu nitakuwa na uwezo wa kumlipa msaidizi.

Zephaniah Oduori

Hapo ameacha kusema, shemeji. Kutoka hapa ni mimi.

Jana nilimsomea barua yako ya Novemba, yote, bila kuruka neno. Nilichagua wakati mama mkwe yuko kanisani. Alisikiliza uso ukiwa ukutani. Mwisho akasema, "Nilijua." Si kwamba alijua ni sumu siku ile, hapana, naye alidhani mchanga na majivu vinatosha. Lakini yule mtoto wa pili alipotoka vile alivyotoka, alishuku. Wa tatu akajua. Akaogopa kusema, akaogopa kulitupa watu wasije wakauliza. Kila mwaka aliopitisha uliufanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Akaniomba niichome barua.

Sikuichoma. Niliandika karatasi nyingine, mistari mitano. Inasema pipa lilikuwa la sumu, lililetwa na yeye na wewe, na Teresa hakuwaua watoto wake. Nikamsomea, nikampaka wino kwenye dole gumba. Alisema, "Siwezi kuona nitakachotia dole." Nikamwambia, "Mimi nimekusomea kweli. Wewe miaka hii yote uliniacha bila kuona." Akatia dole.

Karatasi hiyo iko sandukuni pamoja na risiti ya Nairobi. Hazikubaliani, na zote mbili nazihitaji. Siku pesa zikitoka nitamsomea mama mkwe. Mpaka hapo mimi bado ndiye niliyewaua.

Teresa


Malaba,
22 Juni 1998

Shemeji Teresa,

Nairobi wameniita. Wanataka shahidi afike mwenyewe tarehe 21 Julai, aape mbele ya wakubwa watatu na kujibu maswali kuhusu mapipa, ndipo waamue. Nilidhani sahihi itatosha.

Nitakwenda. Nitashika Biblia na kusema arobaini, kwa sababu wewe ulisema hivyo na nina deni kwako lisilolipika. Nimeanza kujizoeza kulisema nikiwa peke yangu getini. Madereva wanadhani nahesabu malori.

Kama unataka niseme vinginevyo, niambie kabla ya tarehe hiyo. Nakuomba uniambie.

Ochom


Budalang'i,
12 Julai 1998

Shemeji Ochom,

Nimemwambia Akurut asiuze hata samaki mmoja kabla hajakupa barua hii.

Wandera, ndugu yake Zephaniah, ameoa. Mke anaitwa Beryl, ni binti mdogo, mimba ina miezi saba. Alhamisi mama mkwe alikuja uani kwangu na fundi wa kuziba mabati. Akasema pipa si lazima lioze kwa kutu, lizibwe apewe Beryl, mwanamke ambaye maji yake yatanywewa na mtoto. Alisema hivyo watu wakisikia. Fundi akalilaza pipa, akalizungusha kutafuta tundu. Bila shaka hakuliona. Akasema, "Mama, hili ni zima kabisa."

Mama mkwe akanigeukia. "Kwa hiyo ulidanganya ili usigawe?"

Zephaniah alikuwa kwenye kiti chake pale mlangoni. Alisikia pipa likizunguka, najua aliisikia ile sauti, maana shingo yake ilikakamaa. Nilimtazama. Nikamngojea. Shemeji, nakuapia nilimngojea muda mrefu, nikifikiri, leo atasema. Beryl akawa ameshalishika pipa upande mmoja ili alisukume, anatabasamu, ananishukuru mimi. "Asante, dada," alisema.

Ningenyamaza, zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili tu wewe uape. Na nikwambie ukweli, kuna sehemu yangu ilitaka kunyamaza, ilisema acha na wao waonje. Niliisikia sehemu hiyo vizuri na nikaiogopa.

Nikaingia ndani nikachukua shoka la kuni. Nikamwambia Beryl, "Toa mikono, mama." Nikalipiga. Mara ya kwanza lilibonyea tu. Mara ya pili chuma kikafunguka. Mama mkwe alipiga ukemi kwamba mkosi umenipanda kichwani, Wandera akaja mbio anishike. Ndipo Zephaniah akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu atoke jeshini, "Mwacheni! Mwacheni amalize. Ni mimi."

Nikalipiga mpaka likawa kichujio. Halafu nikaleta sanduku na kuwasomea ile mistari mitano na dole lake chini. Mama mkwe aliniomba nirudie. Nikarudia. Akamtazama mwanawe, na mwanawe hakuweza kumtazama, akaitikia tu kwa kichwa. Yule mama mkali akaketi chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri. Akaniuliza, "Yule wa siku kumi na moja, ulikuwa umempa jina?"

Nikamwambia, "Sheilah." Sikuwahi kulisema jina hilo mbele ya mtu.

Akaenda nyuma ya migomba na akalia kwa sauti, akiita jina hilo, na wanawake wengine wakamfuata kama matanga ya kawaida. Mimi nilibaki uani na shoka langu. Sikulia. Bado. Zephaniah ananiuliza kila mara, "Teresa, uko?" Namjibu kwamba niko. Sijajua nitaishi naye vipi, lakini uji nampa.

Habari zimeshafika Port Victoria, sidanganyiki. Hayo malipo naona hatuyapati, na kesho nitaamka kulima peke yangu kama jana. Pensheni yako siwezi kukulindia. Sikwambii ufanye nini kwa ajili yangu, nakuondolea tu lile neno nililokuamuru. Usiape kwa sababu ya Teresa.

Ila yale mawili uliyoyauza Malaba, yatafute. Gonga kila mlango, uliza kila mama anayepika pombe au kuweka maji, na uwe na shoka. Ukiyakosa yote mawili kabla ya kwenda Nairobi, na wakakuuliza mapipa mangapi yametobolewa, waambie thelathini na saba.

Teresa